Kadi Haitoki Uani

Batuli binti Sefu ana amri moja tu katika kazi yake, na ameisema mara nyingi kiasi kwamba watoto wa Isevya, hapa Tabora, huiimba wakicheza rede: kadi haitoki uani. Anayetaka shughuli yake ya kike ipigwe picha na Batuli akubali hivyo. Asiyekubali akatafute mpiga picha mwingine, wapo tele, wamejipanga karibu na stendi na vizibao vyao vya mifuko mingi. Batuli hana kizibao. Ana baibui, miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni, na mkoba wa ukili ambamo droni hulala juu ya kitambaa cha flana, imekunja panga zake.

Maana ya amri yenyewe ni hii. Shughuli ikiisha na droni ikishatua, Batuli haondoki. Hutandikiwa mkeka hapo hapo uani, akafungua kompyuta yake, akachomoa ile kadi ndogo kama ukucha kutoka kwenye ubavu wa droni, akaichomeka kwenye kompyuta, na mbele ya macho ya kila aliyecheza akahamisha picha. Wanawake humzunguka, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, wakiangalia ule mstari wa kijani unavyojaa. Kisha huzionyesha picha zote tangu mwanzo. Kila mwanamke anayejiona ana haki ya kusema "Nitoe," na Batuli humtoa papo hapo bila kumuuliza sababu. Baada ya hapo kadi hufutwa ikabaki tupu, kompyuta nayo hufutwa, na flashi iliyobeba kilichobaki hukabidhiwa bibi harusi mkononi mwake, si mjomba aliyegharamia wala baba aliyechinja ng'ombe. Hapo ndipo geti hufunguliwa.

Wapo wanaosema hayo ni maringo ya mwanamke aliyekosa mume. Na waseme.

Alianza kuwa hivyo tangu enzi za kanda. Alikuwa binti, ameolewa juzijuzi tu, akaenda kumcheza mwali wa jirani, na akacheza kama mtu anayejua kwamba ndani ya kuta zile nne hakuna isipokuwa wanawake wenzake. Mpiga picha alikuwa mwanamume, kaletwa na kaka wa bibi harusi, kasimamishwa mlangoni na kuambiwa apige zawadi tu. Hakupiga zawadi. Wiki chache baadaye kanda ile ilikuwa ikionyeshwa kwenye kibanda cha video karibu na reli, katikati ya filamu mbili za ngumi, na mume wa Batuli alikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye mabenchi. Alirudi nyumbani akamuuliza mkewe. Batuli akasema, "Siyo mimi. Ni mtu anayefanana na mimi."

Neno hilo lilimwokolea ndoa na kumharibia mengine yote. Mume alijifanya kuamini. Tangu siku hiyo, chumvi ikizidi kwenye mboga, aliuliza kama iliwekwa na yule anayefanana naye. Batuli akichelewa sokoni, aliulizwa kama alipita kumsalimia mwenzake yule. Aliishi hivyo miaka mingi, akicheka inapobidi kucheka, mpaka mume akahamia Ulyankulu kwa mwanamke mwingine mwenye shamba la tumbaku, bila hata ugomvi wa kuagana. Batuli hakumlilia. Aliililia siku ile aliyojikana mwenyewe, na hadi leo ikimjia akiwa jikoni huweka mwiko chini kwanza.

Akauza cherehani, akanunua kamera. Kompyuta yake ya kwanza, iliyokwishatumika, aliipata kwa Fakhrudin mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, ambaye alimkalisha nyuma ya kaunta na kumfundisha kazi kwa maneno ambayo Batuli anayakariri mpaka leo: "Nakili kwanza. Halafu fungua uone kama kweli imefika. Halafu ndiyo ufute. Usiihamishe kwa pupa, Batuli, umeme wa mji huu ukikatika katikati utakuwa huna ya huku wala ya kule." Kanda zikaja zikaondoka, sidii zikaja zikaondoka, na Batuli akaendelea kupiga shughuli za wanawake. Kitu kimoja tu hakukifanya tena: kuonekana. Kivuli chake kikipita ukutani, anakikata. Mkono wake ukijitokeza kwenye kioo cha kabati la bibi harusi, anaukata. Ukiingia sebuleni kwake utakuta picha za nusu ya maharusi wa Tabora, na yeye mwenyewe humwoni hata pembeni.

Droni alikuja kuipata ukubwani, kwa kuuza kiwanja cha urithi kule njia ya Kipalapala. Ndugu zake walikaa kikao wakaamua kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda kuomba kibali cha kuirusha, kijana wa ofisini alimpa kiti kwa heshima zote, akamwamkia shikamoo, kisha akamuuliza mwanawe atafika saa ngapi. "Mwanangu yupi?" Batuli akauliza. "Huyo mwenye droni, mama." Batuli alivaa miwani yake, akatoa kifaa kwenye mkoba wa ukili, akakirusha kwenye uwanja wa ofisi ile mpaka makarani wakatoka nje kutazama. Kibali alikipata. Serikalini wanakiita chombo hicho ndege nyuki, na kwa kuwa Tabora hakuna asiyejua nyuki, jina limekaa vizuri: nyuki wa Batuli.

Sasa tuje kwenye shughuli ya Kulwa, maana hiyo ndiyo iliyomfanya Batuli atazamwe na watu kwa jicho jingine, na yeye mwenyewe ajitazame hivyo.

Kulwa alizaliwa pacha. Doto hakukaa, na mama yao alimfuata Doto wiki ile ile. Mtoto aliyebaki alichukuliwa na Zuwena, mdogo wa marehemu, ambaye hakujaliwa kuzaa na hakuwahi kusikika akilalamika. Alimlea kwa maziwa ya kopo na usiku wa macho, mpaka watu wakasahau kwamba kuna mama mwingine, wakamwita Zuwena Mama Kulwa. Mume wa Zuwena ni Uwesu, mwenye malori yanayobeba mchele wa Igunga. Si mtu mbaya. Alimsomesha Kulwa kama mwanawe, na ng'ombe wa shughuli alimtoa yeye. Shida ya Uwesu ni moja, hawezi kuchekwa.

Na alichekwa. Alasiri moja kwenye baraza la kahawa, mwenzake mmoja alimtania kwamba siku ya kumtoa mwali, Mama Kulwa atakata kiuno mpaka ukuta udondoke. Watu wakacheka. Uwesu akaweka kikombe chini, akasema, wote wakisikia, "Zuwena akicheza ngoma hiyo, ameachika." Hiyo ni talaka ya sharti, si maneno ya kahawa: sharti likitimia, mke ameachika, hata kama mwenye kulisema amejuta kabla kikombe hakijapoa. Kabla ya magharibi Isevya nzima ilikuwa inalijua.

Balaa lilikuwa hapa. Wanawake wa mtaa ule wana desturi yao. Mwali siku ya kutolewa hakanyagi chini. Hubebwa mgongoni na mwanamke aliyemlea, amefungwa kwa khanga kama mtoto mchanga, na mwanamke huyo huzunguka ua mzima akicheza naye. Akishazunguka ndipo mwali hushushwa, na dunia huambiwa kwamba huyu ana mwenyewe. Mwali akitolewa na mwingine wakati mlezi wake yu hai, ni kama mtoto aliyeokotwa. Kulwa alikuwa ameshampoteza mama mmoja. Kungwi wake, Bi Kabula, alimwendea Zuwena akamwambia kwa upole kwamba yeye yuko tayari kumbeba, mgongo bado anao. Zuwena alimshukuru, akamwambia, "Tutaona, Bi Kabula."

Shughuli ilikuwa nyumbani kwa Bi Kabula. Batuli alifika mapema, akakagua ua, waya za umeme, na matawi ya miembe ya njia kuu, ile ya misafara ya zamani ya pembe na watumwa, inayopita mbele ya nyumba. Bibi wa bibi yake Batuli aliingia Unyanyembe, ndiyo Tabora ya zamani, kwa njia hiyo kutoka Manyema, mzigo kichwani, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja. Batuli akipita pale huwa anatembea katikati ya barabara, na wenye pikipiki watamngoja.

Kosa lilitokea kabla ngoma haijaanza. Rimoti ya droni huvishwa simu ili rubani aone kile droni inachokiona, na simu ya Batuli siku hiyo ilizimika ghafla, chaji imeisha. Wanawake wamejipanga, ngoma zimeshaoteshwa moto, mwali yuko tayari ndani. Uwesu alikuwa nje akisimamia masufuria ya pilau. Akasikia, akatoa simu yake kubwa mpya, akaipitisha getini. "Tumieni hii," alisema, kwa moyo mweupe kabisa. Batuli akaweka simu yake kwenye chaji chumbani kwa Bi Kabula, akaweka programu ya droni kwenye simu ya Uwesu, akaivisha kwenye rimoti, akarusha.

Kutoka juu, ua ule ulikuwa duara la khanga. Batuli alimsogeza nyuki wake taratibu mpaka mlango wa chumba cha mwali ukawa katikati ya kioo. Bi Kabula alikuwa ameinama mlangoni, mgongo tayari. Mlango ukafunguliwa, na aliyetoka alikuwa Zuwena, Kulwa amefungwa mgongoni mwake, mtu mzima kwa mtu mzima, miguu ya mwali ikining'inia. Ngoma zilikwama kidogo. Zuwena akawatazama wapigaji na kusema, "Mnangoja nini?" Wakapiga. Akacheza. Hakucheza kidogo kwa aibu, wala hakucheza kama anayelipa deni, alicheza ua mzima, pembe hadi pembe, jasho likimtoka, na Kulwa akilia kwenye shingo yake. Batuli akamshusha nyuki wake karibu nao.

Baada ya kula, mkeka ukatandikwa. Batuli alichomoa kadi, akaichomeka, akanakili. Mstari wa kijani ulipojaa alifungua picha ya kwanza kuhakiki, kama alivyofundishwa, kisha akazionyesha zote. Zikaanza zile kelele za kawaida. Mmoja alitaka kutolewa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pilau. Shabnam, mke wa Fakhrudin, alitaka atolewe kwa kuwa amecheza vibaya. Siyo kucheza kulikomkera, alisema, ni ubaya wenyewe. Wakamcheka, wakamwambia mwakani arudi na mazoezi. Batuli alikata huku na kule, miwani puani, akiwa na raha ya kazi yake.

Ndipo mlango wa chumba cha mwali ukafunguka kwenye kioo, na hakuna aliyecheka tena.

Walimwona Zuwena akitoka. Walimwona akizunguka. Droni ilikuwa imeshuka chini kiasi cha kuonyesha meno yake.

"Mtoe," Bi Kabula alisema kwa sauti ya chini.

"Mtoe, Batuli," wengine wakaitikia. "Mtoe haraka. Sisi hatujaona kitu. Aliyembeba ni Bi Kabula, sote tutaapa."

Mkono wa Batuli ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Alikuwa hamuulizi mtu sababu, na hapa sababu ilikuwa inajulikana mtaa mzima.

"Nani kawaambia nataka kutolewa?"

Zuwena alikuwa amekaa nyuma yao kwenye kizingiti, akikanda magoti yake. Mtu mzima mgongoni si mchezo.

"Mama Kulwa, akili yako!" Bi Kabula alimgeukia. "Unataka kuachwa kwa ajili ya picha?"

"Nitazame vizuri hapo, Bi Kabula. Mgongoni mwangu kuna nani? Ukinitoa mimi unamtoa na huyu. Atakuwa katolewa na nani? Na ukuta?"

Wakatazama kompyuta. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na namna ya kumkata mmoja na kumwacha mwingine, walikuwa wamefungwa khanga moja. Kulwa, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wake kichwa kimeinama, kwa kuwa mwali siku hiyo haruhusiwi kusema neno, akasema neno. "Mama abaki." Na kungwi wake hakumkemea.

Wakati huo huo geti likagongwa.

"Hodi! Assalamu alaykum. Nimefuata simu yangu."

Batuli alishika simu ya Uwesu, akataka kunyanyuka, kisha akakaa tena kama aliyevutwa. Alikuwa amesahau. Ile programu, wakati droni ikiruka, huweka nakala kwenye simu pia, picha nyepesi lakini inayoonekana sura. Kadi ilikuwa uani, naam. Lakini ngoma nzima, na vichwa wazi vyote vya wanawake wale, vilikuwa ndani ya simu ya mwanamume aliyesimama getini. Kibanda kile cha karibu na reli kilimrudia chote, mabenchi na vicheko.

"Imejifunga," alisema, akiibonyeza. "Inataka mchoro wa kufungulia."

Wanawake wakatazamana. Zuwena akanyoosha mkono, akaipokea, akachora herufi moja kwa kidole. Simu ikafunguka. "U," alisema. "U ya Uwesu. Anadhani sijui."

Batuli aliingia ndani ya programu, akazifuta nakala zote, akazifuta tena kule zinakokwenda zilizofutwa, akaiondoa na programu yenyewe. Kisha akampa Shabnam aikague, na Shabnam, mke wa mwenye duka, akaikagua mpaka kona zake. Ilikuwa safi. Zuwena akaichukua, akajifunga khanga vizuri, akaenda kufungua geti. Batuli akamfuata. Hakuitwa, alijiendea mwenyewe.

Uwesu alikuwa amevaa kanzu ya shughuli. Nyuma yake, hatua chache, walisimama wale wa barazani wakijifanya wamekuja kuuliza habari za pilau. Akapokea simu, akaitia mfukoni bila kuitazama.

"Batuli, shemeji yangu. Nataka na ile kadi."

"Kadi haitoki uani, shemeji."

"Amri yako naijua, nami naiheshimu. Lakini gharama nimetoa mimi, na hili si suala la kutaka kuchungulia wake za watu. Mimi nilitamka neno. Lazima nijue neno langu limefika wapi. Siwezi kuishi na mwanamke bila kujua ni mke wangu au si mke wangu. Nionyeshe kipande cha mke wangu tu."

"Umetoa gharama ya kupigwa picha, hukutoa gharama ya wanawake," Batuli alisema, na sauti yake ilipanda yenyewe. "Kadi hii ina shangazi zako, ina mkwe wako mtarajiwa, ina mke wa huyo aliyejificha nyuma yako. Leta shehe, leta mjumbe, leta na polisi wakae hapa getini mpaka mvua inyeshe. Nitaimeza mbele yao. Nilishawahi kuangaliwa na mabenchi ya wanaume, Uwesu, na walioangalia wengine wako hai na wananiamkia barabarani. Kwangu haitatokea tena. Rudi kwenye masufuria yako."

Wale wa nyuma walianza kutazama miti. Uwesu hakukasirika, na hilo ndilo lililomshangaza Batuli. Alisogea karibu na mkewe, akapunguza sauti, na uso wake ukawa wa mtu ambaye hajalala siku kadhaa.

"Mama Kulwa. Basi sitaki kadi. Sitaki kuona chochote. Niambie tu wewe kwa mdomo wako. Sema hukucheza, nami nitaamini. Yaishe, twende nyumbani."

Batuli aliujua mlango ule wa kujikana. Alishaupita. Ulikuwa wazi, mwepesi, na nyuma yake kulikuwa na miaka yote ile ya chumvi na kuchelewa sokoni. Alitaka kupiga kelele, *usiseme*, lakini haikuwa haki yake kusema, akauma mdomo.

Zuwena alimtazama mumewe. Alimpenda, na ilionekana.

"Nimecheza, Baba Kulwa."

"Zuwena..."

"Nimecheza ua mzima. Nilimbeba mwanangu nikamtoa. Wewe ulitamka ukijua desturi yetu, nami nilicheza nikijua tamko lako. Wote tulikuwa na akili zetu. Ukiniambia niseme sikucheza, unaniambia niseme sikumlea. Hilo hulipati. Talaka yako moja imepita, nimeipokea. Wali wako tumekula, ulikuwa mzuri."

Akageuka, akamwita Bi Kabula. Alitaka khanga yake nyingine na viatu. Nyumba ya marehemu baba yake ilikuwa mwisho wa njia ile ile, ng'ambo ya miembe, vyumba viwili vya uani vyenye paa zima, na huko ndiko alikokuwa anakwenda, sasa hivi, mchana mweupe, si kwa uchochoro.

Mwanamke aliyeachwa Isevya huondoka na kibunda chake magharibi ikiingia, kichwa chini, ili asionekane. Bi Kabula akapaza sauti kule ndani, "Chukueni ngoma! Jifunikeni vichwa tumsindikize mwenzetu!"

Wakatoka wote. Shabnam alitoka, aliyecheza vibaya, akipiga makofi nje ya mpigo. Shangazi za Uwesu mwenyewe walitoka. Wamejifunga, wamejitanda, hakuna unywele uliokuwa nje, na sauti zao zilifika stendi. Zuwena alikuwa mbele, viatu mkononi, kwa kuwa magoti yalimuuma. Wale wa baraza la kahawa ilibidi wabanane kwenye ukuta kuwapisha. Uwesu alibaki getini ameshika simu yake mfukoni.

Zuwena alitazama nyuma. "Batuli! Nyuki wako ana betri?"

"Iko moja ya akiba!"

"Sasa unangoja nini wewe?"

Simu ya Batuli ilikuwa imeshapata chaji. Kadi na kompyuta alivifuta mbele ya Bi Kabula baada ya kuhakikisha flashi imeingia kwenye viganja vya Kulwa, vyote viwili, na Zuwena yumo ndani yake na mwanawe mgongoni. Akairudisha ile kadi tupu kwenye droni, akatoka mbio na rimoti, miwani ikimgonga kifuani, akarusha juu ya miembe. Walipofika kwa marehemu mzee, alimuuliza mmoja mmoja kama kawaida yake, ingawa ilikuwa barabarani na kila mtu kajifunika: utolewe au ubaki? Hakuna aliyesema atolewe. Hata yule wa pilau.

Asubuhi yake Batuli alikaa sebuleni kwake na chai ya maziwa, akachomeka kadi. Habari zilikuwa zimeshamfikia kwamba Uwesu ametuma wazee kwa Zuwena tangu alfajiri kumwomba arejee, na kwamba Zuwena amewapikia maandazi, amewasikiliza kwa adabu, amewaambia bado anapumzisha magoti. Batuli alicheka peke yake. Akanakili, akafungua kuona kama kweli imefika, kisha akaangalia tangu mwanzo.

Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Miembe, barabara nyeupe katikati, na khanga zikitiririka chini yake. Alimwona Zuwena. Alimwona Bi Kabula na ngoma yake. Na nyuma kabisa ya msafara, katikati ya barabara, alimwona mwanamke mmoja mfupi, baibui limepeperuka, rimoti mkononi, amenyanyua uso wote juu kuelekea kwenye droni, akicheka kwa mdomo wazi huku miguu yake, bila yeye kujua, ikicheza.

Kwa mazoea mkono ulikwenda wenyewe kwenye alama ya mkasi, ile ya kukatia picha. Ulikuwa ni mkato mwepesi tu, sekunde chache za mwisho, na hakuna ambaye angejua kwamba zilikuwepo.

"Ni mimi huyo," Batuli alisema kwa sauti, sebuleni, mbele ya picha zake zote za ukutani.

Akaiacha ilivyo, akainakili kwenye flashi ya Zuwena, akaenda kuipeleka kwa miguu, katikati ya barabara.